Kompyuta ya mjomba wa Mloka na amri ya 1974

 Mhariri alinituma Rufiji kufuatilia habari ya tembo wanaomaliza mazao ya watu, nikasema kwa kuwa njia ni hiyo hiyo, nitafika mpaka Mloka nikamsalimie mjomba. Wanaoijua njia hiyo watanielewa. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, unapita Mkuranga, unafika Kibiti, hapo unaiaga lami. Kinachofuata ni vumbi na mashimo mpaka ukishuka unajipapasa kuhakikisha viungo vyote umeshuka navyo. Mloka ni kijiji kilicho jirani na geti la Mtemere, ambalo zamani watalii walilitumia kuingia Selous, na tangu 2019 wanaingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Shikamoo yangu haijapoa mjomba akanishika mkono. "Marahaba mjomba. Kabla hujala, njoo uione hii mashine."

Mjomba ni mwalimu mstaafu. Mwaka 2023 alinunua Kariakoo kompyuta ya mezani, mtumba, ile ya kava jeusi linalolala chini ya kioo. Aliinunua kwa sababu moja tu: mjukuu wake alikuwa anasogea Kidato cha Sita, na siku hizi maombi ya chuo na ya mkopo wa Bodi ya Mikopo yote yanafanyika kwenye mtandao. Akasema hataki binti ahangaike kama walivyohangaika wenzake, ataomba akiwa amekaa sebuleni kwa babu yake. Umeme wa nyumbani kwake ni wa sola, na betri ya gari, na inveta. Modemu ya kuchomeka aliinunua, laini akaisajili kwa alama za vidole, bando akaweka.

Mashine inawaka vizuri. Modemu inawasha taa yake ya buluu. Mnara unasoma vipau vitatu. Ukifungua tovuti yoyote, unapata onyo kwa Kiingereza kwamba muunganisho wako si wa faragha na huenda kuna watu wanajaribu kuiba taarifa zako.

Mjomba Kiingereza anakijua, amekifundisha. Akaisoma sentensi hiyo kama ilivyoandikwa: kuna mtu anamsikiliza. Akabadilisha laini, onyo likabaki. Akaanza kumtilia shaka kijana mmoja jirani mwenye dishi na redio kubwa (usicheke, na wewe ungemtilia shaka). Mwishowe akaifunga mashine kwenye kanga, akapanda nayo gari hadi Kibiti kwa fundi. Fundi akafanya ambalo mafundi wetu hufanya: akapiga Windows upya. Elfu kumi na tano. Akamfungulia mtandao pale pale, kila kitu safi. Mjomba akarudi Mloka na mashine mapajani, akaichomeka, onyo likarudi. Akaenda tena. Pale Kibiti ikafanya kazi, Mloka ikagoma. Akaenda mara ya tatu, hali ikawa ile ile.

Dirisha la mikopo lilipokaribia kufungwa, binti akapanda gari hadi Kibiti, akalala kwa watu, akapanga foleni steshenari na kulipia kujaziwa fomu na mtu asiyemjua, akimsomea namba ya kitambulisho ya baba yake mbele ya foleni nzima. Fomu iliingia siku mbili kabla ya mwisho. "Mashine ninayo," mjomba akaniambia, "na mjukuu wangu bado kapanda gari." Halafu akanyamaza, na mimi nikaona haya kwa niaba ya mashine.

Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia kutoka mjini, nikakaa kwenye kiti. Nikatoa modemu nikairudisha. Nikakagua mpangilio wa mtandao wa simu, uko sawa. Nikabadilisha kivinjari, nikafuta historia, nikazima, nikawasha. Ilipofika saa nne usiku betri ya sola ikaishiwa nguvu, inveta ikapiga kelele, tukala wali na kambale kwa tochi ya simu. Nilishindwa. Na nikiwa ndani ya chandarua nikawa namfikiria, amini usiamini, Waziri wa Fedha wa mwaka 1974.

Nilipokuwa chuo tulisoma kisa kimoja ambacho darasa zima lilikicheka. Kompyuta ya kwanza ya serikali Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, mashine iliyoitwa ICT 1500. Ilikuwa zama za mashine inayojaza chumba na kuhitaji kiyoyozi kuliko binadamu. Baadaye zikaongezwa nyingine za kizazi kilichofuata, ICL 1900, na Hazina ikaamua kuhamishia hesabu za serikali humo. Jambo likaenda mrama. Wataalamu walioielewa mashine walikuwa wachache na wengi wao wageni, taarifa zilizoingizwa hazikuwa safi, hesabu zikavurugika, na serikali ikapata hasara kubwa kisha ikarudi kwenye vitabu na kalamu. Mwaka 1974 ikatoka amri ya kudhibiti uagizaji, ikipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta za kielektroniki pamoja na televisheni. Ukitaka kompyuta, ulihitaji kibali maalumu.

Tuwe wa haki. Mwaka 1974 haukuwa mwaka wa mchezo. Bei ya mafuta ilikuwa imeruka tangu vita ya Mashariki ya Kati ya Oktoba 1973, mvua zilikuwa zimegoma, nchi inanunua chakula nje kwa fedha za kigeni za kuhesabu kwa vidole. Mtu aliyeweka mahindi mbele ya mashine hakuwa mjinga. Televisheni nayo ilionekana anasa, ingawa wenzetu Unguja walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, na sisi wa bara tukasubiri hadi 1994.

Lakini tazama tarehe. Amri inatoka 1974. Januari 1975 jarida moja la Marekani linatoa kwenye jalada lake Altair 8800, kompyuta ya kujiundia nyumbani. Agosti 1981 IBM inaleta kompyuta yake binafsi. Yaani tulifunga mlango mwaka mmoja kabla mashine haijapungua kutoka ukubwa wa chumba hadi ukubwa wa meza. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, vibali vikapatikana, mashirika na miradi ya wafadhili ikaingiza mashine zake. Kompyuta zenyewe, basi, hazikukosekana kabisa. Aliyekosekana kwa miaka ile ni kijana wa miaka kumi na sita aliyeiharibu ya baba yake, akaifungua kwa bisibisi, akaitengeneza, akaharibu tena. Fundi hazaliwi darasani. Anazaliwa pale kitu kinapoharibika mbele yake na hakuna mtu wa kumwambia asiguse.

Najua kuna atakayesema, mbona hata nchi ambazo hazikupiga marufuku hazina fundi wa kompyuta kila kijiji? Kweli. Sisemi amri ile ndiyo iliyoua mashine ya mjomba. Ninachosema ni kwamba Hazina ya 1974 na mjomba wangu walikuwa na shida moja: mashine inagoma, mwenye kuijua yuko mbali, na wewe unabaki kuamua kama kosa ni la mashine, la mtu, au la mchawi.

Na mahali ambapo mwenye kujua alikuwa karibu, mashine zilifanya kazi, hata huku huku Rufiji. Wengi hawajui hili. Tangu Novemba 1998, wilaya hii imekuwa na mfumo wa kufuatilia watu kaya kwa kaya, ulioanzishwa chini ya mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na IDRC ya Kanada, baadaye ukawa chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Wadadisi walizunguka kila baada ya miezi minne kwenye vijiji vya eneo hilo, wakaandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, watu zaidi ya 80,000, na yote yakaingizwa kwenye kompyuta kwa programu iliyoanzia Navrongo, kaskazini mwa Ghana. Vumbi lilikuwa hili hili na joto hili hili. Tofauti ni kwamba kulikuwa na mtu aliyelipwa mshahara kukaa karibu na mashine.

Hadithi ya intaneti nayo ilianza hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe za kwanza hapa nchini zilipita kwa FidoNet, mfumo wa watu wavumilivu: unaandika barua, mashine inaihifadhi, usiku modemu inapiga simu kwa mashine nyingine, zinapokezana mizigo kama makondakta wa mikoani, kisha zinakata. Muhimbili walikuwa na HealthNet, iliyotumia pia satelaiti ndogo iliyopita juu yetu mara chache kwa siku; ikipita unarusha barua zako, ikizama unasubiri. Laini ya simu ikiwa na mkwaruzo, barua hairudi wala haifiki. Wale wa Chuo Kikuu na Muhimbili walijifunza kusikiliza mlio wa modemu kama daktari anavyosikiliza kifua. Niliwahi kuzungumza na mmoja wao, sasa ni mzee. Akaniigizia mlio wa laini nzuri na wa laini mbovu, kwa mdomo, hotelini, watu wakageuka kututazama.

Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kampuni za kuuza huduma, CyberTwiga ikiwa ya mwanzo mwanzo, na kufikia 2000 Dar ilikuwa imejaa vibanda vya intaneti. Mimi nilikuwa mtoto, nilipelekwa na kaka yangu. Nakumbuka feni, mapazia ya kugawanya viti, na saa iliyohesabu dakika zako bila huruma. Nyumbani ni wachache waliokuwa na laini ya simu ya kupigia intaneti, na ukiwa hewani, shangazi anayepiga kutoka Tanga anaambiwa simu inatumika hadi kesho.

Vibanda vile ndivyo vilivyotuzalia mafundi. Hakuna chuo kilichofundisha watu wengi kama kirusi cha Brontok, kilichotoka Indonesia mwaka 2005 na kuhamia kwenye fleshi za Dar es Salaam kana kwamba kina ndugu hapa. Ukijaribu kukisaka, mashine inajizima na kujiwasha. Dawa iliyopatikana ni moja: futa vyote, piga Windows upya. Ikafanya kazi, ikawa desturi, ikawa bei. Simlaumu fundi wa Kibiti. Alifundishwa na zama ambazo kweli kila ugonjwa ulikuwa kirusi.

Tukapata nyaya za baharini, SEACOM Julai 2009 na EASSy mwaka uliofuata, tukaachana na satelaiti ambayo megabiti moja kwa mwezi ilikuwa ikiuzwa kwa maelfu ya dola. Modemu za kuchomeka zikazagaa. Kwa hiyo tatizo la umbali na Ulaya likapungua sana, likabaki tatizo la umbali na fundi. Na hata nyaya nazo zina siku zake: Mei 12, 2024 SEACOM na EASSy zilikatika kwa pamoja baharini kusini mwa Afrika, Dar nzima ikapiga yowe. Nilimuuliza mjomba hali ilikuwaje Mloka siku hizo. Akasema wiki chache nyuma yake mto ulikuwa umemeza mashamba Rufiji na Kibiti, watu wanatafuta pa kulala. Habari za waya alizisikia redioni. Kwake yeye mtandao ulikuwa umekatika tangu aununue.

Haya, turudi kwenye chandarua. Kitu kilichonikosesha usingizi ni kwa nini Kibiti ifanye kazi na Mloka isifanye. Mtu anayesikiliza hawezi kuwa anakaa Mloka tu. Kirusi hakijui ramani. Kuna kitu kilichokuwa kinatokea njiani. Njiani kinatokea nini? Mashine inachomolewa kwenye umeme.

Asubuhi jua lilipoanza kushika paneli nikaiwasha, na safari hii sikugusa modemu. Nikatazama kona ya chini kulia ya kioo, pale ambapo hakuna anayetazama. Ilikuwa Januari 1, 2009.

Ndani ya kompyuta nyingi za mezani, juu ya mazabodi, kuna kabetri ka duara kama sarafu, volti tatu, kanaitwa CR2032. Kazi yake ni kuifanya saa ya mashine iendelee kutembea hata umeme ukikatwa. Kakifa, kila ukichomoa mashine inasahau tarehe na kurudi siku ya kwanza inayoijua. Kompyuta ya IBM ya 1981 haikuwa na kabetri hako, kwa hiyo kila ukiiwasha ilikuuliza kwa adabu leo ni tarehe ngapi. Betri ya saa iliingia kwenye mfumo wa IBM mwaka 1984. Mashine ya mjomba ilikuwa imerudi zama za 1981, isipokuwa adabu ya kuuliza haikurudi nayo.

Na tarehe ina uhusiano gani na usiri? Hapa ndipo fundi wa zama za vibanda anapopotea, na mimi nilipotea pia. Mwaka 2003 ungeweza kuweka tarehe ya enzi za Mjerumani na bado ukasoma habari, kwa sababu tovuti nyingi hazikuwa na ulinzi wowote. Kuanzia karibu 2015 hadi 2018 karibu tovuti zote zikahamia kwenye mawasiliano yaliyofichwa, na kila tovuti ikawa inaonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama leseni ya udereva. Kivinjari kinakikagua kwa saa ya mashine yako. Sasa mashine inayoamini iko 2009 inaonyeshwa cheti ambacho kwa hesabu zake hakijatolewa bado. Inafanya nini? Inafanya afanyavyo askari wa barabarani mwaminifu: inakukatalia na kukuonya kwamba huenda kuna tapeli. Windows ina uwezo wa kurekebisha saa yenyewe kupitia mtandao, lakini tofauti ikiwa ya miaka inagoma kujisahihisha, ikidhani aliyekosea ni huyo anayeiambia.

Pale Kibiti fundi akimaliza kupiga Windows alikuwa anaweka tarehe, kama mtu anavyofunga kamba za viatu, bila kufikiri. Ikafanya kazi mchana kutwa. Mjomba akichomoa waya, tayari ni 2009. Na hata kama asingesafiri, kila usiku inveta ilipozima, mashine ilirudi kulekule.

Nikabonyeza saa, nikaweka tarehe ya siku hiyo. Nikafungua tovuti ya Bodi ya Mikopo. Ikafunguka.

Mjomba hakushangilia. Alivuta kiti akakaa, akatazama ile kona kwa muda mrefu. "Tarehe," akasema. "Mimi kila asubuhi kwa miaka thelathini na nne nimeandika tarehe ubaoni kabla ya somo." Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini: nauli za Kibiti mara tatu, za kwake na kiti cha mashine, elfu kumi na tano mara tatu, usiku wa binti, pesa ya steshenari. Nikamwambia kabetri kenyewe hakafikii nauli ya bodaboda. Ilikuwa taarifa sahihi lakini ningeweza kuiacha.

Mle kijijini hatukukapata. Nikamwandikia kwa kalamu nene kwenye karatasi, tukaibandika juu ya kioo: WEKA TAREHE KWANZA. Ndipo nikakumbuka kwamba mwishoni mwa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ili mtu asome anachoambiwa na mashine kwa lugha yake. Kazi ya heshima. Ila hata kwa Kiswahili lile onyo lingesema kuna mtu anakusikiliza, na mjomba angemtilia shaka yule yule wa redio.

Niliporudi Dar nilinunua viwili Kariakoo, kimoja cha akiba, nikavifunga kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta pale Rangi Tatu. Kesho yake jioni mjomba akanipigia, kakifunga mwenyewe kwa ncha ya kisu, nilimwelekeza kwa simu huku mjukuu akimulika kwa tochi. Akazima, akachomoa waya, akaenda kuswali Magharibi, akarudi, akachomeka. Saa ilikuwa imetembea.

Wiki iliyopita kanipigia tena. Mwalimu mmoja kutoka kijiji cha jirani kamletea laptopu inayokataa kufungua barua pepe, kaibeba kwenye pikipiki, na tayari ana nauli mfukoni ya kuipeleka Kibiti. Nikamuuliza mjomba ina dalili gani nimsaidie. Akaniambia nisubiri kwanza, nikamsikia anamuuliza yule mwalimu: "Hapo chini pembeni, inakwambia leo ni lini?"